Figo ya Kaka Nyundo

Wale ndugu wawili wa gereji ya kona hawakuwa watu wa kusalimiana kwa mdomo. Wenzao wakikutana asubuhi huulizana habari za kuamka. Wao walianza kwa kusukumana. Mkubwa alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mikono mizito, kifua kama mlango wa ghala, na mtaa mzima ulimwita Nyundo. Mdogo alikuwa mpiga rangi, mwembamba, mkali kama pilipili, wakamwita Msumari kwa sababu tangu utotoni kazi yake ilikuwa kugongwa na mwenzake. Majina yao ya kwenye vyeti yalibaki humo humo kwenye vyeti.

Nawaeleza habari za huyu Msumari, lakini msije mkamwonea huruma mapema. Mkorofi huyo! Angeweza kumchokoza hata nyuki mzingani.

Ugomvi wao mwingi ulizaliwa kazini. Nyundo akishanyoosha mlango uliobonyea, Msumari alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, taratibu, kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa. Akihisi wimbi, hata lile dogo ambalo jicho halilioni, hapigi rangi. Anasema tu, "Rudisha ugonge." Basi hapo ndipo moto unapowaka. "Mimi nigonge mara ya pili? Umeota mapembe?" Na ngumi zinaanza. Wateja waliowazoea walisogeza viti kivulini wakangoja. Walichaniana mashati, wakapasuana midomo. Nyundo aliwahi kumvunja mdogo wake kidole, na Msumari akamng'oa kaka yake jino, kisha mchana wakala sahani moja, mmoja akitafunia upande wa pili. Msiniulize kama walipendana. Hilo neno kwao halikuwahi kutumika.

Walijifunza kwa baba. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, baba akawalea kwa mkanda wa suruali, tena upande wa chuma. Baba akimvamia Msumari, Nyundo aliruka katikati, akapokea kipigo chote mgongoni. Halafu baba akishatoka, alimgeukia mdogo wake na kumtandika vizuri kwa kumponza. Ndivyo walivyokua.

Sasa, Msumari akaanza kuvimba miguu. Akasema ni viatu. Akavimba uso, akasema ni usingizi. Akatapika kila asubuhi, akasema ni harufu ya rangi. Siku moja Nyundo alimkuta amelala kifudifudi juu ya boneti aliyokuwa akiipaka, bunduki ya rangi bado mkononi inafoka, nusu ya uso wake imekuwa nyekundu ya gari. Nyundo alimtupa begani akakimbia naye barabarani huku akimtukana matusi ya kila aina, na watu wakadhani wamepigana tena, safari hii mmoja ameua.

Hospitali wakasema presha aliyoipuuza miaka yote imemmaliza figo, zote mbili. Wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Daktari, mama mmoja wa makamo asiyezunguka maneno, akawaambia kwamba mashine ingemshikilia kwa muda tu, na kwamba mwili wa Msumari ulikuwa hauipokei vizuri. Alihitaji figo ya mtu mwingine, na asingeweza kungoja sana.

"Kata yangu," alisema Nyundo, kabla hata daktari hajafunga mdomo.

Akapimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha za tumbo. Damu zao zikakubaliana kama mtu na mdogo wake. Muuguzi wa kitengo cha viungo, dada mpole mwenye miwani, akamweleza Nyundo habari yote ya kuishi na figo moja, kisha akamwuliza kitu kingine: akitaka, anaweza pia kujiandikisha kwamba siku akifa, vile vinavyofaa mwilini mwake wapewe wagonjwa. Moyo, ini, macho, ngozi, hata mifupa. Mke wa Nyundo, aliyekuwa amekaa pembeni, akashika kifua.

"Mbona unashtuka?" Nyundo akamcheka. "Gari likifa injini, unalizika na gia boksi yake? Milango mizima, taa nzima? Huo si uchoyo? Andika vyote, dada. Labda ulimi uache, huo mtaa umeshauchoka."

Hapo Msumari, kitandani, akageukia ukutani. "Mimi sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki kitu chako ndani yangu. Nitaishi kila siku unanikumbusha. Nikikwambia rudisha ugonge, utasema figo yangu. Nikila mkate, figo yangu. Yaani hata kukojoa nikojoe kwa hisani yako?"

Nyundo akacheka mpaka muuguzi akamtoa nje. Lakini Msumari hakuwa anatania. Alikuwa amepigwa maisha yake yote na mtu yule, akapiga naye, na katika hesabu yake walikuwa sare. Figo hailipiki. Hilo ndilo lililomkera: kwamba angekufa sare, au angeishi ameshindwa.

Akaruhusiwa kurudi nyumbani, awe anakwenda kwenye mashine. Kabla ya upasuaji ilibaki hatua moja: Nyundo aitwe mbele ya kamati ya hospitali, aulizwe peke yake kama anatoa kwa hiari. Siku moja kabla ya kamati, Msumari akajikokota mpaka gereji, yuko mifupa mitupu, akamkuta kaka yake akigonga tanki la mafuta.

"Kesho usiende," akamwambia. "Nimesema sitaki."

"Shika msasa ufanye kazi, au kalale."

Msumari akamsukuma. Nyundo hakuyumba. Akamsukuma tena, akamzaba kofi la sikio. Nyundo akaweka nyundo chini, akafuta mikono, akasimama tu. Jamani, hakuna kitu kilichomuuma Msumari kama kile. Tangu azaliwe hajawahi kumpiga kaka yake asirudishiwe.

"Nipige!" akapiga kelele. "Nipige, mwoga we!"

"Sipigi maiti," alisema Nyundo.

Alitania. Kwao huo ulikuwa utani wa kawaida kabisa. Lakini neno lilimwingia Msumari kwenye mfupa, akadaka kile kibao cha mti anachofungia msasa, akakizungusha kwa nguvu zote zilizombakia. Kikatua jichoni. Ngozi ya nyusi ikachanika, damu ikamwagika mpaka kwenye ovaroli, na Nyundo akapiga goti moja juu ya mafuta machafu. Alipoinuka, alimkamata mdogo wake mikono yote miwili, akambana kifuani asiweze kupiga tena, akamshikilia hivyo hivyo huku damu ikimdondokea kichwani, mpaka Msumari akaishiwa pumzi na kuanza kulia kwa hasira.

Kesho yake Nyundo alikwenda kwenye kamati jicho limevimba kama embe bivu, nyuzi zimeshonwa juu ya nyusi. Msumari alikuwa kwenye benchi la nje, akisubiri zamu ya mashine. Mlango haukufungwa vizuri.

"Nani amekupiga?" sauti ya mwenyekiti iliuliza.

"Mdogo wangu."

"Yupi?"

"Ninaye mmoja. Huyu mgonjwa."

"Amekupiga kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kumpa figo."

Nyundo akajaribu kueleza. Akasema kwao ndivyo wanavyoongea. Akasema jino hili alilitoa yeye, kidole kile nilikivunja mimi, tunaishi vizuri tu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoharibu. Wangemwelewaje? Watu wale kazi yao ni kuhakikisha hakuna anayekatwa figo kwa kutishwa, halafu mbele yao amekaa mtu mwenye jicho lililopasuliwa na yule yule atakayepokea. Mwenyekiti akatoka nje, akasimama mbele ya Msumari, akamtazama vidole vilivyovimba. Akarudi ndani.

Uamuzi ulikuwa mfupi: shauri linaahirishwa. Mtoaji arudi akiwa amepona, asiwe na alama hata moja ya kipigo mwilini, ndipo waongee naye upya. Akirudi na jeraha jipya, wanafunga jalada.

Basi Nyundo akaacha kupigana. Yule yule! Mtu akimkanyaga, anaomba radhi yeye. Mteja akimwita mwizi, anasema asante. Mke wake alinisimulia kwamba nyumbani hata mlango wa kabati alikuwa akiufunga taratibu. Na mtaa una pua, mtaa ukanusa. Wakaanza kumjaribu. Mmoja akamwita Nyundo ya Sponji, jina likaenea kwa kicheko.

Aliyefurahi kuliko wote ni dereva wa gari la kuvuta magari mabovu, jitu moja la upande wa pili wa barabara, wakimwita Winchi. Nyundo aliwahi kumvunja pua mbele ya watoto wake, kwa sababu Winchi alimburuza fundi mmoja mzee kwa mnyororo akimdai nafasi ya maegesho. Pua ile ilipona imepinda, na kila Winchi alipojitazama kwenye kioo, deni lilikuwa pale.

Siku moja Winchi akaingia gereji, akasimama mbele ya Nyundo, akamtemea mate. Yakatua shavuni. Mafundi wote wakaacha zana. Msumari alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, naye aliijua shingo ya kaka yake. Aliona mishipa inasimama, mikono inakunjana. Kisha Nyundo akafungua ngumi. Akajifuta kwa kitambaa cha grisi. "Umemaliza?" akauliza. Winchi akacheka, akaenda zake. Nyundo aliinama kwenye kazi yake akaendelea kugonga, na machozi yakamdondokea juu ya bati.

Msumari hajawahi kumwona kaka yake akilia. Hata chini ya mkanda wa baba hakulia. Yale mate, alielewa, yalikuwa yake yeye. Kaka yake amemezea fedheha ile kwa ajili ya figo ambayo mwenyewe alikuwa akiringa kuikataa. Aibu ilimwingia mwilini kama homa. Akainuka, akamwendea, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya ule mlango uliokuwa ukinyooshwa. Wimbi lilikuwepo, tena kubwa.

"Uko sawa," akasema. "Kaka, nimekubali."

"Umekubali, wewe nani?" Nyundo akajibu bila kuinua kichwa. "Nilishakubali mimi zamani. Na huo mlango una wimbi, usinidanganye."

Nyuzi zikatolewa. Jicho likarudi. Kamati ikapanga wakutane wiki inayofuata.

Lakini Winchi hakuwa amemaliza. Msumari hakuwepo, alikuwa kwenye mashine, damu yake ikizunguka kwenye mipira. Aliyeona ni fundi wa kuchomelea.

"Walikuja watatu mchana kweupe," alimwambia Msumari kwenye korido ya wagonjwa mahututi. "Winchi ana ile nondo ya kuvutia magari. Akampiga mguuni kwanza. Nikasema sasa tutaona, sasa Nyundo atamtoa mtu roho. Hakupiga! Akawaambia, jamani, nipigeni wiki ijayo, nitawafuata mwenyewe nyumbani. Wakacheka. Wakampiga mateke. Akaanguka, akajikunja, mikono yote miwili akaizungushia kiunoni, hapa, kwenye figo, kama mtu aliyefunga mtoto kwa khanga. Nikampigia kelele, kinga kichwa! Kinga kichwa, Nyundo! Alinisikia. Alinitazama kabisa. Hakuondoa mikono."

Nondo ilimpata kisogoni, si mara moja. Fundi wa kuchomelea aliwatawanya kwa moto wa gesi. Winchi alikamatwa mtaa wa pili, watu wakampasua naye vya kutosha kabla polisi hawajamwokoa. Lakini hilo linamsaidia nani?

Yule mama daktari asiyezunguka maneno aliwaita Msumari na shemeji yake kwenye chumba kidogo chenye viti vinne. Akasema ubongo wa Nyundo umekufa. Moyo unadunda kwa sababu mashine inampumulia. Mashine ikizimwa, utasimama. Wamepima, madaktari wengine wakapima tena. Mwenyewe hayupo. Kiunoni hana hata mchubuko, akaongeza.

"Alisema vyote," shemeji akajibu, kabla hajaulizwa. Macho yake yalikuwa makavu, yanatisha. "Macho, ini, ngozi, vyote. Nilikuwepo. Figo moja ya huyu."

"Mimi sichukui," Msumari akasema. "Shemeji, mimi ndiye niliyemuua. Kile kibao. Nisingempasua jicho, angeshakatwa zamani, angekuwa kitandani anapona. Nimemuua mimi halafu nimle?"

Shemeji akainuka. Kofi alilompiga lilisikika mpaka kwenye meza ya wauguzi. Akampiga la pili, akamkamata kola akamgongesha ukutani, mwanamke aliyekuwa hafiki hata begani mwake.

"Ndiyo, umemuua!" akamwambia usoni. "Umemuua wewe na Winchi, na ujinga wenu wa kutwangana. Sikufichi. Sasa utaichukua hiyo figo utembee nayo, kwa sababu aliifia. Ukiikataa, mume wangu amekufa kwa ajili ya nini? Niambie! Kwa ajili ya nini?"

Msumari akaitikia kwa kichwa. Polisi na mpasuaji wa maiti wakatoa ruhusa, na siku hiyo hiyo vyumba viwili vya upasuaji vikafanya kazi. Ini likaenda kwa mtu, figo ya pili kwa mtu, macho kwa wawili, ngozi ya mapaja kwa mtu aliyeungua. Nyundo alitawanywa kama alivyotaka mwenyewe, na alipozikwa Msumari alikuwa bado kitandani ana mipira puani.

Figo ilianza kazi haraka. Wauguzi walikuwa wakitazama mfuko wa mkojo kama watu wanaosubiri maji ya bomba baada ya mgao, na ulipoanza kujaa wakapiga makofi. Msumari aliutazama ule mkojo, akakumbuka maneno yake mwenyewe ya hisani, akalia mpaka kidonda kikamvuta na wakamchoma sindano.

"Sikiliza," daktari alimwambia siku ya kumruhusu, akimwekea mkono chini ya kitovu, upande wa kulia. "Zile za kuzaliwa nazo ziko nyuma, zimekingwa na mbavu. Hii tumeiweka hapa mbele. Juu yake kuna ngozi na nyama kidogo tu. Teke moja, kiwiko kimoja, umeipoteza. Umenielewa?"

Alielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na Winchi kupewa dhamana, kesi ikiwa imeandikwa ni kuua bila kukusudia, ni kitu kingine. Habari zilipofika mtaani kwamba jitu lile limerudi, linaosha gari lake mbele ya geti kama hakuna kilichotokea, shemeji akafungua sanduku la zana. Alichukua nyundo kubwa ya marehemu, akaiweka mezani mbele ya Msumari, akaingia jikoni.

Msumari akaichukua. Akavuka barabara. Mafundi wakatoka kwenye magereji, hakuna aliyemzuia. Kila mtu aliona ni haki. Winchi aligeuka na ndoo mkononi, akamwona, akaitupa ndoo.

"Karibu, Msumari," akasema, akakunja mikono ya shati. "Wewe angalau utapigana. Kaka yako alikufa kama kuku."

Damu ilimpanda Msumari mpaka macho yakaona kiza. Aliiinua ile nyundo. Alikuwa karibu kiasi cha kuona ile pua iliyopinda inavyopumua, na alijua kabisa pigo la kwanza lingekuwa lake na lingetosha kumwangusha. Alijua pia Winchi si mtu wa kuanguka bila kurusha mguu. Teke moja, kiwiko kimoja. Chini ya shati lake, upande wa kulia, kovu lilikuwa linawasha.

Akashusha mkono. Winchi akacheka, akamwita mwanamke, akamwita mengine ambayo sitayarudia. Msumari akageuka akaondoka, na barabara nzima ikamtazama akivuka, hakuna aliyemwita jina. Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Kila hatua alitaka kurudi.

Shemeji alikuwa mlangoni. Akaitazama nyundo, safi, haina hata tone.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai."

"Umemwacha?" Ndipo machozi aliyokuwa ameyazuia tangu kule hospitali yakatoka yote kwa mara moja, akamrukia. Akampiga kwa viganja, kwa ngumi, usoni, shingoni, kifuani, akimwita msaliti, akimwita nusu mtu. "Amekufa na wewe umemwacha! Umemwacha!" Msumari hakurudisha mkono wala hakujikinga uso. Mdomo ulipasuka. Alisimama pale akapokea, ila kila shemeji alipobadilisha upande, naye aligeuka kidogo, akimpa bega la kushoto, akiuficha upande wa kulia nyuma yake.

Shemeji akarusha ngumi nyingine, akamwona akigeuka tena. Mkono wake ukabaki juu. Alimtazama tumboni, akamtazama usoni, akapumua kama mtu aliyekimbia mbali. Kisha akaushusha ule mkono polepole na kuuweka chini ya kitovu cha shemeji yake, upande wa kulia, juu ya shati, akauacha hapo.

"Ingia ndani," akasema. "Hujameza dawa."